Daftari la Wiki: Bibi Harusi wa Kijani

Jumamosi ukumbini, bibi harusi aliingia kijani. Si gauni, uso. DJ alikuwa ameelekeza taa zake zote mlangoni, MC anasihi watu wapige vigelegele, na mpiga video, ambaye kamati ilimlipa kwa mbinde, akarekodi mwendo mzima wa binti wa watu anayeonekana ametoka wodini. Bwana harusi alikuwa mwekundu.

*

Lumbesa, gunia la mazao lililojazwa kupita kipimo, bado ipo. Nitaliandika hili mpaka mhariri achoke.

*

Turudi kwenye taa, maana ugonjwa umeshaingia majumbani. Hapa kwetu Soni, mlimani, chumba cha kijana siku hizi ni studio: mmoja anaimba injili, mwingine anachekesha, wa tatu anaonyesha jinsi ya kupika makande. Wote wamenunua kitu kilekile, mkanda wa taa wenye rimoti na rangi tele, na wote wanaziwasha zote. Ukitazama video unadhani umeingia duka la simu usiku wa Krismasi.

Mnaniambia shida ni hela. Mimi naona shida ni wingi wa taa. Rangi haishindani na mwanga mweupe; huliwa. Zima kwanza taa ya darini, shusha pazia, chumba kiwe giza, ndipo uamue nini kinastahili kuonekana. Uso upate mwanga wa kawaida kutoka ubavuni, rangi iende ukutani nyuma. Mtu akae hatua mbili tatu mbele ya ukuta, ili mwanga wa usoni usifike nyuma kuifuta rangi. Mwanga wa balbu hupungua upesi: ukizidisha umbali mara mbili, unabaki na robo. Fizikia hii haiuzwi dukani.

Kijana wa jirani alinijia na simu mkononi. "Shikamoo mjomba. Video zangu zina mistari inapanda na kushuka. Simu imekufa?" Marahaba, haijafa. Umeme wetu ni wa hezi 50, mizunguko 50 kwa sekunde yenye vilele viwili kila mmoja, kwa hiyo taa nyingi za bei rahisi hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Programu ya bure kama Open Camera, simu yako ikiikubali, inakuruhusu kuweka kasi ya shata ya sekunde 1/50 na fremu 25 kwa sekunde, na mistari inatulia. Tena usipunguze mwanga wa mkanda kwa rimoti. Rimoti inachofanya ni kuwasha na kuzima upesi upesi, na mistari inarudi kwa mlango mwingine. Uache uwake wote, kisha uusogeze mbali au uufunike kitambaa.

Lakini dawa iliyonifurahisha iko kijiweni, kwa fundi anayefunga taa za bodaboda. Anauza mkanda wa volti 12 kwa kipande, rangi moja, bila rimoti. Uunge kwenye betri ya pikipiki au ya sola na unapata faida mbili kwa mpigo: umeme ukikatika hushtuki, na kwa kuwa umeme wa betri haupigipigi, mistari hakuna. Weka fyuzi, betri haina utani. Wala usiubandike ukutani. Kuta zetu zina unyevu, gundi haifiki asubuhi. Ubandike kwenye ufito, uusimamishe nyuma ya kabati, basi.

Asiye na mkanda achukue karatasi ya nailoni ya rangi, ile ya kufungia zawadi, aiweke mbele ya balbu ya LED. Si mbele ya balbu ya zamani inayochemka, utaunguza nyumba ya baba yako. Nyekundu na bluu zinameza mwanga mwingi, kwa hiyo balbu iwe karibu na kile inachomulika. Kulainisha mwanga wa usoni, chandarua cheupe kilichochakaa, kikikunjwa mara mbili, kinatosha. (Bwana afya, nimesema kilichochakaa.)

Na ya bure kabisa ni dirisha. Jua likishazama lakini anga haijawa nyeusi, ingia kwenye mpangilio wa rangi (white balance) wa kamera, chagua alama ya balbu. Dirisha linageuka bluu, na balbu ya manjano ya ndani inakuwa nyeupe. Ukiiacha simu ichague yenyewe, itahangaika kuisawazisha hiyo bluu hadi iiue.

*

Jumatano, makaburini. Mpiga video aliwasha taa ya duara usoni mwa mjane wakati udongo unateremshwa, akamwomba ageuke kidogo. Hakuna aliyemzuia. Tuna kamati ya jeneza, ya chakula na ya usafiri. Iundwe nyingine ya kuzima taa.

*

Simu ikimwona mtu mweusi, inaona giza la kurekebishwa. Inapandisha mwanga, uso unakuwa majivu, na ile rangi ya ukutani uliyoihangaikia inapauka. Bonyeza uso kwenye kioo, shikilia, kisha teremsha mwanga kwa kidole: weusi unarudi, na rangi inarudi nao.

Kasumba hii ni ya zamani. Kwa miongo mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi ya Kodak yenye sura ya mwanamke mzungu, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley. Miongoni mwa waliosababisha filamu ziboreshwe ni watengeneza chokoleti na wauza samani, waliolalamika kwamba kahawia za bidhaa zao hazitoki vizuri. Chokoleti ilisikilizwa kabla ya bibi yangu. Mwaka 2016 mwongozaji Barry Jenkins alitoa sinema ya Moonlight, na humo ngozi nyeusi inapokea bluu ya usiku bila kumwomba mtu radhi. Hapa kwetu Amil Shivji ametupa sinema ya Vuta N'kuvute, ya 2021. Itazameni japo kwa ajili ya vivuli. Halafu mtoto wa Soni, mweusi wa kupendeza, anawasha kichujio cha kung'arisha ngozi. Naomba nisiendelee.

*

Mjini wanakodi mashine ya moshi ili miale ya taa ionekane hewani. Sisi mwezi wa saba ukungu unaingia dirishani bila hodi. Tochi moja yenye nailoni nyekundu, nyuma ya mtu, na unayo picha ambayo wenzako wanailipia. Futa lenzi kila baada ya muda. Kule maporomoko ya Soni msisogee ukingoni kutafuta pembe nzuri. Mawe yanateleza na hakuna kurudia.

*

Wanaokumbuka kanuni za Tanzania za maudhui ya mtandaoni za 2018 wanaikumbuka na leseni: shilingi milioni moja kwa mwaka, ukiacha ada za kuanzia. Masharti yamelegezwa tangu hapo. Vijana wa leo wananung'unikia bei ya betri. Nawaonea wivu.

*

Hiace ya jioni kutoka Mombo kupanda Soni: zambarau sakafuni, bluu darini, nyekundu kwenye spika. Taa za mbele, moja. Konda anasema ya pili iko kwa fundi. Kona za barabara ile mnazijua. Abiria wa mbele alikuwa anarekodi.