Hasira Kali za Bungeni

Magazeti yana msemo uliokwisha kuwa kibwagizo: mtuhumiwa "aliuawa na wananchi wenye hasira kali". Msemo huo haumtaji mtu, jiwe wala tairi, na kwa hivyo hakuna anayeulizwa. Lakini wananchi hao wanao wenzao Dodoma. Kila yatokeapo mauaji ya kutisha, waheshimiwa husimama mmoja baada ya mmoja, kila mmoja akidai adhabu nzito kuliko ya mwenziwe: anyongwe, ahasiwe, anyimwe dhamana. Makofi hupigwa, kikao huahirishwa.

Na waende Mang'ola, ukingoni mwa Ziwa Eyasi, ambako chemchemi zitokazo nyanda za juu za Ngorongoro hunywesha mashamba ya vitunguu, na ambako Mwiraqw, Mdatoga, Mhadzabe na mgeni aliyefuata vitunguu hugombea maji na malisho yale yale. Mtu akiuawa huko, mahakama ya mwanzo haina uwezo wa kuisikiliza kesi. Mtuhumiwa hupelekwa Karatu, na mahakama ya wilaya nayo haimhukumu. Inangoja upelelezi ukamilike ndipo imkabidhi kwa Mahakama Kuu, Arusha. Miezi hupita, mara nyingine miaka. Shahidi huacha shamba, hupanda gari kwa nauli ya kukopa, hufika na kuambiwa upelelezi bado. Safari ya tatu hendi. Kesi ikifa, kijiji husema mahakama imehongwa, na siku ya pili mwizi wa ng'ombe hafikishwi kituoni.

Sasa sheria ya hapo iongezwe ukali upi? Mauaji hayana dhamana tangu zamani, na adhabu yake ni kifo, tena cha lazima: jaji hana hiari. Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana vilevile, na kima chake cha chini ni miaka 30. Mbunge anayedai ukali anagonga mlango uliokwisha kufunguliwa.

Wala dawa hii si mpya. Mwaka 1963, Uhuru ukiwa mchanga, Bunge la Tanganyika lilipitisha Sheria ya Kima cha Chini cha Adhabu. Mwizi wa ng'ombe alikuwa miongoni mwa waliolengwa, naye aliandikiwa viboko 24: 12 aingiapo jela na 12 kabla ya kutoka, ili, yamkini, mkewe ayaone makovu mabichi. Mwaka 1972 viboko hivyo viliondolewa; baadaye vikarudishwa. Wizi wa mifugo haukungoja matokeo ya mjadala.

Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda, baada ya kunukuliwa akisema wauaji wa watu wenye ualbino nao wauawe, alibanwa kwa swali Bungeni akatokwa na machozi. Machozi yale yalikuwa ya kweli. Kauli ile, hata hivyo, ilitoka kwa mkuu wa shughuli za serikali, na umati haukuhitaji ruhusa zaidi ya hiyo. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kifo kwa mauaji ya mtoto mwenye ualbino. Hakuna aliyenyongwa nchini tangu miaka ya 1990, na mauaji hayo yaliendelea hata 2015.

Jaji James Mwalusanya alikwisha kusema mwaka 1994 kwamba adhabu ya kifo yapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani ikamtengua mwaka uliofuata. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaamua kwamba kifo cha lazima kinakiuka Mkataba wa Afrika. Mahakama hiyo iko Arusha, mkoa ule ule wa Mang'ola. Mwezi huo huo serikali ilitoa taarifa ya kuwafungia wananchi njia ya kuiendea moja kwa moja.

Jambo moja la maana Bunge lililifanya bila hasira yoyote: mwaka 2021 liliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Kabla ya hapo mtu wa Barazani aliweza kuhukumiwa kifo katika kurasa ambazo asingezielewa hata akisomewa. Bado yupo bibi wa Kidatoga ambaye Kiswahili chenyewe ni lugha ya sokoni tu, naye ndiye aliyeona mwanawe akiuawa. Mkalimani wake, nauli yake na mpelelezi wa kumfuata nyumbani wiki ile ile vinahitaji fungu katika bajeti ya mwaka, na fungu hilo bado halijapigiwa makofi.