Paspoti ikiisha nje ya inchi, Mkongomani anaanza upya

Mtu wa Bukavu anayeishi Kampala anaweza kufika ku ambasade na paspoti yake ya Kongo mkononi, na bado aombwe kuonyesha kama yeye ni Mkongomani. Inaudhi, lakini iko na sababu.

Paspoti ya Kongo inadumu miaka mitano. Ikiisha, haiongezewi muda kwa kupigwa muhuri. Mwenyewe anaomba ingine: anajaza fomu, analipa, anapigwa picha na kutoa alama za vidole. Hawezi kumtuma ndugu yake. Kwa hiyo anayeishi mbali na ambasade anahesabu kwanza pesa ya basi na ya kulala, kisha ile ya paspoti.

Bei yenyewe imeshuka. Kuanzia 2015 ilikuwa dola 185, na watu walilalamika sana. Mwaka 2020 ikawa dola 99, na paspoti mpya ya 2025 ilitangazwa kwa dola 75. Lakini kizuizi kikubwa siyo bei. Ni ile karatasi ya kuhakikisha wewe ni nani.

Tangu wakati wa Zaïre, raia wengi hawajapewa karte ya kitambulisho. Karte ya uchaguzi ndiyo inafanya kazi hiyo. Tarehe 30 Juni 2023 Rais Tshisekedi alipokea karte ya kitambulisho ya kwanza, kisha mradi ukakwama. Na mwaka huohuo CENI iliandikisha Wakongomani wa nje katika inchi tano tu: Ubelgiji, Ufaransa, Afrika Kusini, Marekani na Canada. Uganda, Burundi, Rwanda, Tanzania na Kenya, pale watu wengi wa mashariki wanaishi, hazikuwemo. Mtu aliyekimbia Masisi ao Rutshuru alikosa mara mbili: nyumbani vita ilizuia, na kule alikokimbilia hakukuwa kituo.

Kisha mambo yakazidi kuwa magumu. M23 ilikamata Goma mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi wa pili. Tangu hapo, jamaa aliyebaki pale anapata shida kutafuta karatasi ambayo Kinshasa itakubali. Mwezi huohuo wa kwanza, Kinshasa iliita wanadiplomasia wake warudi kutoka Kigali. Anayeishi Rwanda akalazimika kutazama inchi ingine.

Kwa mkimbizi kuko hatari ya pekee. Mkataba wa Geneva wa 1951 unasema kwamba mtu anayejirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa inchi yake anaweza kupoteza haki ya ukimbizi, na kuomba paspoti kunaweza kuhesabiwa hivyo. Mkataba huo unamupa njia ingine: hati ya safari ya wakimbizi, inayotolewa na inchi iliyomupokea. Ni vizuri aulize HCR mbele ya kugonga mlango wa ambasade.

Kwa wengine, kazi inaanza nyumbani. Cheti cha kuzaliwa kilichoko ndani ya sanduku la mama kule Kadutu, karte ya uchaguzi ya zamani, kopi ya paspoti: vyote vipigwe picha na vitumwe mapema, miezi sita mbele ya paspoti kuisha. Sanduku linaweza kupotea siku moja ya kukimbia, lakini picha iliyo ndani ya simu ya mtoto aliye nje itabaki, na itamsaidia kujua ni karatasi gani ya kutafuta tena.