Asilimia 11.1 na 9.6: Je, Maambukizi ya VVU Iringa Yanaizidi Mbeya?

Tangu Serikali ilipotangaza mkoani Morogoro, Desemba 1, 2023, matokeo ya Utafiti wa Viashiria na Matokeo ya VVU/UKIMWI wa mwaka 2022-2023, takwimu mbili za Nyanda za Juu Kusini zimekuwa zikilinganishwa: Iringa asilimia 11.1 na Mbeya asilimia 9.6, kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Wapo wanaohitimisha kuwa hali ya Mbeya ni afadhali. Hitimisho hilo ni la haraka.

Utafiti si sensa. Waliopimwa ni watu wa kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu; kama zingechaguliwa kaya nyingine, takwimu zingesogea kidogo. Kwa hiyo tofauti ya asilimia 1.5 haina budi kusomwa pamoja na wigo wake wa uhakika.

Chukulia, kwa mfano tu, kwamba kila mkoa ulipima watu 1,000. Uwiano wa wenye maambukizi huzidishwa kwa uwiano wa wasio nayo, kisha hugawanywa kwa idadi ya waliopimwa: Iringa 0.111 × 0.889 ÷ 1,000, Mbeya 0.096 × 0.904 ÷ 1,000. Majibu hayo hujumlishwa, wala hayatolewi, kwa kuwa mashaka ya pande mbili huongezeana. Kipeuo cha pili cha jumla hiyo ni takriban 0.0136, kikizidishwa kwa 1.96, kwa uhakika wa asilimia 95, hupatikana 0.027. Hivyo, Iringa inaweza kuwa chini ya Mbeya kwa asilimia 1.2 au juu yake kwa asilimia 4.2, au popote katikati. Sifuri imo ndani. Na kwa kuwa kaya huchaguliwa kwa makundi ya maeneo, na majirani hufanana, wigo halisi huwa mpana zaidi.

Hayo hayathibitishi kuwa mikoa hiyo iko sawa. Yanaonyesha tu kwamba sampuli ya ukubwa huo haiwezi kuitenganisha. Tahadhari hiyo hiyo inawahusu wanaodai kuwa Iringa imeshuka kutoka asilimia 11.3 ya mwaka 2016-2017 na Mbeya imepanda kutoka 9.3.

Ulinganisho na wastani wa kitaifa wa asilimia 4.4 ni jambo jingine. Kwa sampuli ile ile ya mfano, kiwango cha Mbeya hakishuki chini ya asilimia 7.7. Mkazi wa Mbeya anayefarijika kwa kutajwa baada ya Iringa anaishi katika mkoa ambao makadirio yake ni zaidi ya mara mbili ya wastani wa nchi.