Pepa: Tiyo isiyopimwa isifichwe ukutani

Mwenye nyumba akitaka lavabo ndani, na tiyo zisionekane, hana kosa. Kosa ni la fundi anayechimba ukuta, kulaza tiyo, kupiga simenti na kudai pesa yake yote siku hiyohiyo, maji hayajapita hata mara moja.

Kanuni ya ujenzi inajulikana: mfereji wa kusimama usizidi theluthi ya unene wa ukuta, wa kulala usizidi sehemu moja ya sita. Ukuta wa sentimita 12 unaruhusu 4 kwa kusimama, 2 tu kwa kulala. Tiyo ya milimita 20 inajaza mfereji huo wote. Simenti ikae wapi?

Na pale ukuta ni wa matofali mabichi, kiungo kinachovuja kinarudisha tofali kuwa tope polepole. Mwenye nyumba ataona doa wakati ukuta umekwisha kulegea.

Mafundi watasema kupima kunachelewesha. Ni usiku mmoja: jaza maji, ziba, kagua viungo asubuhi. Wenye nyumba, msimalize malipo kabla ya asubuhi hiyo. Kama ukuta ni mwembamba, tiyo ipite nje, ionekane.