Mkasi wa Sauti ni Amana



Siku hizi mawaidha na visomo hurekodiwa kwa simu, kisha vijana wetu hukata na kuunga vipande kwenye kompyuta kwa programu kama Audacity, iliyotoka mwaka 2000 na isiyolipiwa. Kila sauti huwekwa kwenye mstari wake: msomaji juu, mfasiri chini. Kazi hii ni njema na tunaiunga mkono.

Lakini mkasi uondoao kikohozi huweza kuondoa na maana. Tazameni Suratul Maaun: aya ya 4 inawaonya wanaoswali, na aya ya 5 ndiyo inayobainisha ni wepi. Ukikata baada ya aya ya 4, msikilizaji atadhani swala yenyewe ndiyo kosa. Vivyo hivyo sheikh hutaja hoja ya mtu ili aijibu. Ukiliondoa jibu, umemzulia.

Kwa hiyo tunaona mambo matatu yawe sharti: rekodi ya asili isifutwe, kipande kisikomee katikati ya hoja, na msemaji mwenyewe akisikilize kabla hakijasambazwa. Neno la mtu ni amana, tuifikishe kamili.

Wabillahi tawfiq.