Serikali Haichelewi, Huchagua pa Kuwahi

Kila mara nasikia watu wakilalamika kwamba serikali yetu huchelewa kutunga sheria. Mtambo mpya huingia nchini, gugu geni huota, dhahabu huchimbwa, na wabunge hushtuka mambo yakiwa yameshaharibika. Nimeitumikia serikali kama afisa wa kilimo, kwanza Baringo kisha huku kwetu Kakamega, na malalamiko hayo siyakubali. Serikali ya mkoloni na hii yetu zote zimewahi mno pale zilipotaka kuwahi. Tatizo ni kwamba ziliwahi kwa ajili ya wachache, sisi wengine tukaambiwa tusubiri.

Nina ushahidi wa mambo matatu niliyoishi nayo: umeme, magugu na madini.

Tuanze na umeme. Mwaka 1908 Nairobi ilikuwa haijatimiza miaka kumi tangu reli ifike pale. Mwaka huo huo mhandisi Clement Hertzel alipewa haki ya pekee ya kuuza umeme mjini humo, na kule Mombasa mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee akaleta mtambo, na kampuni mpya ikaanza kazi ya kuuangaza mji. Mwaka 1922 biashara za miji hiyo miwili ziliunganishwa zikawa East African Power and Lighting. Miaka kumi baadaye kampuni hiyo ikanunua hisa za kuitawala TANESCO ya Tanganyika. Mji ukiwa bado wa mabati na vumbi, tayari ilikuwa imeamuliwa nani atauza umeme, wapi, na kwamba hakuna mwingine atakayeruhusiwa kushindana naye.

Siilaumu serikali ya mkoloni kwa kutoa haki ya pekee. Hakuna mwenye akili ambaye angechimba mtaro wa maji Ruiru, kusimika mitambo na kuvuta nyaya hadi Nairobi huku akijua kesho mwingine atakuja kumnyang'anya wateja. Ninachouliza ni hiki: aliyepewa haki hiyo alidaiwa nini na mwananchi wa kawaida? Alitakiwa kuwahudumia waliomo katika eneo lake na wenye uwezo wa kulipa. Kijiji hakikuwa katika hesabu. Mpango wa serikali wa kusambaza umeme vijijini ulianza mwaka 1973, miaka sitini na mitano baada ya Hertzel kupewa karatasi yake.

Kwetu Ikolomani, Kakamega, nyaya zilipita juu ya shamba letu zikielekea sokoni, nasi tukaendelea kusomea koroboi. Marehemu mama alikuwa akifunga mbuzi kwenye nguzo na kusema kwamba hiyo ndiyo faida pekee ya umeme aliyoipata. Nyumba yetu iliunganishwa baada ya ada kushushwa mwaka 2015 kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Na hadi leo, kila anayenunua umeme nchini hukatwa asilimia 5 kwa ajili ya usambazaji vijijini. Mimi hulipa bila kunung'unika. Lakini tusisahau kwamba hilo ni deni la sheria iliyoandikwa mapema bila sisi kuwemo, na sasa tunalilipa tokeni kwa tokeni.

Jambo la pili ni magugu, na hapa ndipo nilipokula mshahara wangu. Kenya ina Sheria ya Kukomesha Magugu Hatari, Sura ya 325, ya mwaka 1945. Ni sheria fupi na kali. Waziri hutangaza katika Gazeti Rasmi kwamba mmea fulani ni gugu hatari. Kuanzia hapo mwenye ardhi au anayeikalia analazimika kuung'oa. Mkaguzi anaweza kuingia shambani na kumpa notisi, na akikaidi, kazi hufanywa kwa gharama yake. Sheria hii inafikiria shamba lenye ua na hati, ambalo mwenyewe anajulikana kwa jina. Kwa mlowezi wa ngano aliyehofia mbegu za jirani, ilikuwa kinga nzuri.

Sasa twendeni Marigat, Baringo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mti uitwao mathenge ulipandwa katika nyanda za Baringo kwa mradi wa serikali na wafadhili. Nia ilikuwa njema: ardhi ilikuwa imekauka na kuni zimeadimika, na mti huo kutoka Marekani ya Kusini na ya Kati huvumilia ukame na kuchipua hata ukikatwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akaja, na mwenyeji hakupona. Maganda yake ni matamu, kwa hiyo mbuzi huyala. Mbegu hupita tumboni salama na kuota palipoangukia kinyesi, tena zikiwa na mbolea yake. Sukari hunata kwenye meno ya mbuzi, meno huoza na kung'oka, na mbuzi asiye na meno hufa njaa akiwa katikati ya majani. Miiba hutoboa kwato za ng'ombe na magurudumu ya baiskeli. Malisho ya kandokando ya Ziwa Baringo yakageuka kichaka kisichopenyeka.

Nilipokuwa Marigat wazee wa jamii ya Ilchamus walikuwa wakiniuliza swali moja, kila mmoja kwa namna yake: "Bwana kilimo, mti huu ni wa nani?" Walimjua waziwazi aliyeuleta. Walitaka kusikia kinywa cha serikali kikisema. Mwaka 2006 walifika Mahakama Kuu jijini Nairobi, na miongoni mwa ushahidi wao alikuwamo mbuzi asiye na meno. Watu waliwacheka, magazeti yakapiga picha. Kwangu, huyo alikuwa shahidi mwaminifu kuliko ripoti nyingi zilizopita mezani pangu. Mathenge ulitangazwa rasmi kuwa gugu hatari mwaka 2008, karibu robo karne tangu upandwe Baringo.

Na tangazo hilo lilimaanisha nini kisheria? Kwamba anayeikalia ardhi ndiye mwenye jukumu la kuung'oa. Soma tena sentensi hiyo. Mfugaji hakuuleta, hakuupanda, hakuulizwa, na ardhi yenyewe ni ya jamii nzima. Ila kwa mujibu wa sheria ya 1945 ndiye anayeweza kupelekewa notisi. Aliyeuleta hatajwi popote, kwa sababu mwaka 1945 hakuna aliyewaza kwamba gugu linaweza kuletwa na serikali yenyewe kwa lori.

Kuna lililonikera zaidi. Wenyeji walijifunza kuuchoma mathenge wakapata makaa mazuri, wakaponda maganda wakapata chakula cha mifugo ambacho mbegu zake zimeshakufa. Baadaye ukajengwa pale pale Marigat mtambo wa kuzalisha umeme kwa kuchoma mathenge. Fikiria: gugu linapungua, kijana anauza kuni kwa kilo, taa zinawaka. Mradi huo ulikwama na haukuwa ule wokovu uliotangazwa. Makaa nayo yakawa yanaruhusiwa leo na kupigwa marufuku kesho. Mwananchi akigeuza janga kuwa riziki, hukuta sheria ya umeme inatazama kule, sheria ya misitu huku, na sheria ya magugu bado iko 1945.

Jambo la tatu ni dhahabu ya Kakamega. Iligunduliwa mwaka 1931, na mamia ya Wazungu, wengi wakiwa walowezi waliofilisika kwa kuanguka kwa bei za mazao, wakamiminika kwetu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1930, serikali ya mkoloni ilikuwa imetunga sheria ya kulinda ardhi za Waafrika. Iliahidi kwamba ardhi waliyotengewa ni yao milele, na kipande kikichukuliwa sharti kiongezwe kingine cha thamani sawa, tena baada ya baraza lao kushauriwa. Dhahabu ilipoonekana, sheria hiyo ilirekebishwa kabla mwaka 1932 haujaisha. Ardhi kwa ardhi ikaondolewa, ikawekwa fidia ya pesa. Sharti la kushauriana likaondolewa pia. "Milele" ilidumu miaka miwili. Nani basi atasema serikali hiyo ilikuwa nzito?

Sheria ya madini ya 1940 ndiyo iliyotutawala baadaye, na tuliirithi kama ilivyo. Ilimjua mwenye leseni na mtaji. Mama wa Ikolomani anayeponda mawe kwa nondo na kuyaosha kwenye karai haikumjua. Migodi mikubwa ya wakoloni ilifungwa, watu wetu wakaingia kwenye mashimo yaliyoachwa na mengine wakachimba wenyewe, miaka nenda miaka rudi, wakihesabiwa kuwa wavamizi. Leseni ya mchimbaji mdogo iliingizwa katika Sheria ya Madini ya mwaka 2016, miaka sabini na sita baadaye.

Miaka hiyo sabini na sita imetugharimu afya. Mchimbaji asiyetambuliwa hafundishwi, kwa sababu afisa anayekwenda kumfundisha anatakiwa kwanza kumkamata. Kwa hiyo mafundisho yalitoka kwa mnunuzi wa dhahabu, ambaye huja na zebaki, humkopesha mchimbaji, kisha humdai dhahabu kwa bei yake mwenyewe. Zebaki hushika chembe za dhahabu, halafu donge huchomwa juu ya makaa ili zebaki ipae. Inapaa kwenda wapi? Kwenye mapafu ya anayechoma, kwenye sufuria ya jikoni, na mwishowe mtoni. Kipo chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba la kupoza mvuke, ambacho huinasa zebaki ili itumike tena. Fundi yeyote wa kuchomelea wa soko la Khayega anaweza kukitengeneza. Zipo pia meza za kutikisa zinazotenga dhahabu kwa uzito wake bila zebaki hata tone, ila zinahitaji umeme na maji ya uhakika. Umeona jinsi mambo haya yanavyoshikana? Ubunifu wa mchimbaji unakwama kwenye nguzo ya umeme ile ile iliyompita mama yangu.

Najua nitakayojibiwa. Wapo wanaosema serikali ikiwahi kuweka kanuni huua ubunifu: mwacheni mtu avumbue kwanza, sheria ije baadaye. Hoja hiyo ina utamu wake, na wenye kampuni huipenda. Lakini historia niliyoieleza inaipinga. Kampuni za umeme za 1908 zilistawi kwa sababu sheria iliziwahi. Wachimbaji wa Kizungu wa 1932 walipata walichotaka kwa sababu sheria iliwawahi. Wabunifu waliokufa njiani ni wale ambao sheria haikuwajua: mponda maganda ya mathenge, mchoma makaa wa Marigat, fundi wa karai la dhahabu. Hata mwenye paneli za sola juu ya paa, Sheria ya Nishati ya 2019 ilimruhusu kurudisha umeme wa ziada kwenye gridi na kuhesabiwa katika bili yake, na kanuni za kutekeleza ruhusa hiyo zikatoka 2024. Miaka mitano ni mingi kwa mtu aliyekopa benki kununua paneli.

Kwa hiyo ninayoyaomba si mengi, wala hayahitaji tume nyingine ya kuzunguka nchi na kula posho.

Kwanza, Sura ya 325 iandikwe upya, na ndani yake uwepo mstari mmoja: anayeingiza mmea nchini au katika eneo jipya, awe mtu, shirika au wizara, ndiye atakayelipa gharama ya kuuondoa ukigeuka gugu. Mstari huo ungekuwepo mwaka 1980, kuna afisa angefikiri mara mbili.

Pili, anayetumia gugu lililotangazwa hatari kuzalisha makaa, lishe au umeme apewe kibali kimoja katika ofisi moja ya kaunti, na bei ya umeme wake ijulikane kabla hajajenga mtambo.

Tatu, kamati za uchimbaji mdogo zilizowekwa na sheria ya 2016 zipewe bajeti na maafisa, na leseni itolewe pamoja na mafunzo ya kuacha zebaki. Sheria hiyo hiyo inasema mrabaha ugawanywe asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inayoishi penye madini. Wananchi wa Ikolomani waonyeshwe hesabu hiyo kwa shilingi na senti, ibandikwe ukutani katika ofisi ya chifu.

Waheshimiwa wabunge wakiambiwa haya husema sheria huhitaji muda. Mwaka 1932 Baraza la Kutunga Sheria halikuhitaji muda mrefu kututoa kwenye ardhi iliyoahidiwa milele. Wabunge wa leo nao wana bunge, wana wanasheria na wana kura zetu. Wakitaka, wanaweza. Msomaji, mbunge wako akija kukuomba kura, usimuulize ataleta nini. Muulize ni sheria gani aliyoiwahisha kwa ajili yako, na umsubiri akijibu.