Nyumba za King's Rest na Haki Tuidaiyo



Kila utajwapo mwaka 1964, sisi huzililia nyumba za mawe za wazee wetu Unguja zilizotwaliwa na serikali, na huapa kwamba dhulma haichakai. Ni kweli, haichakai. Lakini haki isiyomjua ila mwenye nyumba ya mawe si haki, ni uchoyo.

Itazameni Durban. Mnamo Agosti 1873, miezi miwili baada ya Sayyid Barghash kutia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, walishushwa pale watu 113 waliokombolewa na manowari za Waingereza. Mamia wakafuata hadi 1880. Wengi walikuwa Wamakua, nao wakaitwa Wazanzibari. Walipomaliza mikataba yao ya kazi, walikaa King's Rest, kule Bluff, katika ardhi ya wadhamini wa msikiti wa Grey Street. Wakajenga, wakasali, wakazika wafu wao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa Sheria ya Maeneo ya Makundi ya 1950, wakaondolewa ili Bluff iwe ya Wazungu. Waliandikwa "Waasia Wengine", wakapelekwa Chatsworth, mji uliotengewa Wahindi.

Wapo wasemao, hata katika ukoo wetu: "Walipewa nyumba za matofali, hali yao ilitengenea." Maneno gani haya! Akutwaaye kiwanja kisha akakupangisha chumba hajakupa kitu. Chatsworth ilikuja na kodi ya manispaa, na karibu na mwaka 2000 wapangaji wake maskini walikuwa wakitolewa nje kwa malimbikizo ya kodi hiyo.

Wengine husema: "Hawakuwa na hati." Sheria ya Afrika Kusini ya 1994 ya kurejesha haki za ardhi imekwisha kuwajibu: humtambua hata mnufaika wa ardhi ya wadhamini, na mtu aliyeikalia ardhi kwa manufaa yake miaka kumi mfululizo. Makazi ni haki kabla ya kuwa karatasi.

Nasi tuna sababu zaidi ya kunyamaza tusinyamaze: majahazi waliyotolewa watu hawa yalitweka matanga kwa biashara ambayo wazee wetu walikula faida yake. Basi yeyote atakayeandika humu habari za nyumba yake ya Mji Mkongwe, na aiandike na King's Rest. Asiyeweza kuidai ile ya pili kwa ajili ya wenyewe, ile ya kwanza anaidai kwa ulimi gani?

Wassalaam.